Wamonaki wa Georgia na Taifa Lao



Katika mafundisho ya dini swali moja huulizwa tena na tena, na wazee ndio wanaoliuliza kwa uchungu zaidi. Husema: «Mwalimu, kijana akienda kujifunga katika monasteri, haoi, hazai, wala halimi shamba la baba yake. Basi ukoo utapata faida gani kwake? Je, huyo si mtu aliyepotea?»

Swali hilo si la kipumbavu. Kila mtu ana watu wake, naye anayewadharau wazazi na jamaa zake amevunja amri ya nne ya Mungu. Kwa hiyo nataka kulijibu leo, si kwa maneno matupu, bali kwa habari za taifa moja lililo mbali nasi, taifa la Wageorgia. Katika taifa hilo, watu walioacha vyote kwa ajili ya Mungu ndio waliowahifadhia ndugu zao lugha, vitabu, nyimbo, hata na jina lao.

NCHI NDOGO KATI YA WAKUBWA

Georgia ni nchi ya milima, kando ya Bahari Nyeusi, upande wa kusini wa milima mirefu ya Caucasus yenye theluji. Watu wake ni karibu milioni 4 tu. Wao wenyewe huiita nchi yao Sakartvelo. Tangu zamani walizungukwa na wenye nguvu: Warumi, Waajemi, Waarabu, Wamongoli, Waturuki, Warusi. Kila mmoja alikuja kwa zamu yake na jeshi lake na kodi zake. Mataifa mengine yaliyokuwa makubwa kuliko wao yamekwisha kusahauliwa, wala hakuna anayesema lugha zao. Wageorgia wangali wanaishi, nao husali kwa lugha yao. Kwa nini?

Imani iliwafikia katika karne ya 4 kwa mkono wa mwanamke mgeni, Mtakatifu Nino. Mapokeo yasema ya kuwa alitoka Kapadokia, hana mali wala askari, akichukua msalaba wa matawi ya mzabibu uliofungwa kwa nywele zake mwenyewe. Alisali, akawaombea wagonjwa, hata Malkia Nana na Mfalme Mirian wakaipokea imani katika mji wa Mtskheta. Wahenga walisema vema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Baada ya ubatizo zikaja herufi, ili watu wapate kulisoma Neno la Mungu. Baadhi ya maandiko ya Kigeorgia yaliyo ya kale kuliko yote yameonekana katika mahame ya monasteri moja karibu na Betlehemu, mahali paitwapo Bir el-Qutt. Wamonaki Wageorgia walikaa huko katika karne ya 5, nao waliyapanga maneno yao ya sala kwa vijiwe vya rangi katika sakafu. Padri Mfransisko, Virgilio Corbo, aliyachimbua mwaka 1952. Tazameni basi: watu waliokwenda mbali na kwao kumtafuta Mungu, ndio waliotuachia alama za kwanza za maandishi ya taifa lao.

MABABA WA MAPANGONI

Katika karne ya 6 walifika kutoka Siria wamonaki wanaoitwa Mababa Kumi na Watatu. Mkubwa wao, Ioane, alikaa juu ya mlima wa Zedazeni. Shio alikaa katika pango. Davit alikwenda Gareja, nchi kavu isiyo na mto wala mti, akachimba makao yake katika mwamba.

Juu ya huyu Davit husimuliwa habari moja nzuri. Alisafiri kwenda kuhiji Yerusalemu. Alipouona mji mtakatifu kwa mbali, alijiona hastahili kukanyaga mahali alipokanyaga Bwana wetu. Basi akaokota mawe matatu njiani, akageuka arudi kwao. Usiku ule malaika akamwambia Patriarka wa Yerusalemu ya kuwa mtu mmoja mwenye nguo kuukuu amechukua neema yote ya mji. Wajumbe wakamfuata mbio, wakayarudisha mawe mawili, naye akaachiwa moja. Ndiyo maana Wageorgia husema ya kuwa kuhiji Gareja mara tatu ni sawa na kuhiji Yerusalemu mara moja. Ikiwa mnataka kujua mmonaki ni mtu wa namna gani, ukumbukeni unyenyekevu huo. Hakuja kujitafutia makuu katika nchi ya wenyewe. Alijihesabu kuwa mdogo, na kwa udogo wake nchi kavu ikawa mahali patakatifu.

GRIGOL ASIYEMWOGOPA MTAWALA

Baadaye Waarabu waliiteka nchi, na amiri wao akakaa Tbilisi. Makabaila waligombana, vijiji vikabaki tupu. Ndipo Mungu alipomwinua Grigol wa Khandzta, aliyezaliwa mwaka 759 na kufa mwaka 861. Alilelewa katika nyumba ya wakubwa. Walipotaka kumpa cheo cha uaskofu, alikimbia pamoja na wenzake wachache mpaka pande za kusini-magharibi, nchi ya Klarjeti, ambayo leo imo ndani ya Uturuki. Pale palikuwa na msitu na magenge. Walijenga kwanza kanisa la miti, kisha la mawe. Wengine wakafuata, nyumba za sala zikaongezeka, hata watu wakazisema monasteri zile kwa jina la Majangwa Kumi na Mawili ya Klarjeti. Mahali palipokuwa pori pakawa na mashamba, shule na vitabu.

Mtawala wa nchi ile, Ashot, alimpenda Grigol na kumsaidia kwa mali. Walakini Ashot, ingawa alikuwa na mke wa ndoa, alimleta mwanamke mwingine katika ngome yake. Je, Grigol alinyamaza kwa kuwa alikula mkate wa mtawala? Hakunyamaza. Alimwonya. Kisha akamwondoa yule mwanamke katika ngome, akampeleka katika monasteri ya masista, kwa Mama Febronia. Ashot alipomtafuta, Mama Febronia alimkemea bila hofu, na yule mkubwa mwenye majeshi akaona haya. Kumbe anayewapenda watu wake kwa kweli hawasifii dhambi zao, hata wawe wafalme.

Habari hizo ziliandikwa mwaka 951 na mmonaki Giorgi Merchule. Katika kitabu chake alieleza pia Kartli, yaani nchi ya Wageorgia, ni nini. Hakusema ya kuwa inaishia kwenye mto huu au ngome ile. Alisema ya kuwa Kartli ni nchi yote ambamo Misa hutolewa na sala husaliwa kwa lugha ya Kigeorgia. Fikirini jambo hilo! Wakati ule wafalme walikuwa wengi na nchi imekatwa vipande vipande. Lakini mmonaki aliwaona watu wote wamesimama mbele ya altare moja, akawahesabu kuwa taifa moja. Ndiyo maana katika miaka iliyofuata wafalme waliweza kuviunganisha vile vipande: umoja ulikuwa umekwisha kuanza katika sala.

MTOTO ALIYESAHAU LUGHA YAKE

Katika nchi ya Wagiriki kuna mlima uitwao Athos, ambao umejaa monasteri. Huko, karibu mwaka 980, Wageorgia wawili, Ioane na Tornike, walianza monasteri iitwayo Iviron. Tornike alikuwa zamani jemadari mashuhuri. Alikuwa amekwisha kuwa mmonaki, lakini waasi walipoitisha Konstantinopoli, aliombwa ashike tena silaha. Alitii kwa huzuni, akashinda mwaka 979, kisha akavua silaha na kurudi katika sala. Zawadi alizopewa alizitumia kwa kuijenga nyumba ya Mungu.

Ioane alikuwa na mwana, jina lake Ekvtime. Alipokuwa mdogo, mtoto huyo alichukuliwa amana Konstantinopoli, akajifunza Kigiriki hata lugha ya kwao ikamtoka. Habari za maisha yake zasema ya kuwa aliugua sana karibu na kufa, naye Mama Bikira Maria akamtokea, akamshika mkono, akamwamuru aseme Kigeorgia bila taabu. Tangu siku ile lugha ya baba yake ilimtoka kinywani kama maji ya chemchemi. Naye hakuitumia kwa kujisifu. Hata kufa kwake, mwaka 1028, alitafsiri vitabu zaidi ya 100: Maandiko Matakatifu, mafundisho ya Mababa, sala na maisha ya watakatifu.

Kazi hiyo iliendelezwa na Giorgi, mmonaki wa Athos vilevile. Karibu mwaka 1057 wakubwa wa Antiokia walidai ya kuwa Eklezya ya Georgia haistahili kujitegemea, kwa kuwa hakuna Mtume aliyehubiri huko. Giorgi hakupiga kelele wala hakutukana. Aliomba kitabu chao wenyewe kinachosimulia safari za Mtume Andrea, akawasomea. Akarudi kwao kufundisha kwa miaka kadhaa, na mwishoni aliwakusanya yatima wapata 80, akawaongoza safari ndefu ili wapate kulelewa na kusomeshwa Athos. Alikufa Konstantinopoli mwaka 1065, karibu na watoto hao. Je, mtu huyu hakuzaa? Mnawaona wanawe 80.

Tena msisahau ya kuwa wamonaki hao walipenda taifa lao pasipo kuwafungia wengine mlango. Wamonaki wa Kilatini, waliofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, walipofika Athos, Wageorgia wa Iviron waliwapokea na kuwasaidia kupata makao. Baadaye umoja kati ya Mashariki na Roma ulivunjika, na Eklezya ya Georgia ikabaki upande wa Waorthodoksi. Sisi twauombea umoja urudi, lakini twaweza kujifunza kwa ndugu hao.

MFALME CHINI YA MLANGO

Mwaka 1089 Davit alipata ufalme, naye alikuwa na miaka 16 tu. Mshauri wake mkubwa alikuwa mmonaki Giorgi wa Chqondidi. Kabla ya kuwatimua adui wa nje, walisafisha nyumba ya ndani: katika mtaguso wa mwaka 1103 maaskofu walionunua vyeo waliondolewa. Mwaka 1106 Davit akaanza monasteri ya Gelati pamoja na shule kubwa. Mwaka 1121 akalishinda jeshi kubwa mahali paitwapo Didgori, na mwaka 1122 akauingia mji wa Tbilisi.

Angalieni alivyofanya baada ya kushinda. Waislamu wa Tbilisi walingoja kisasi. Mwandishi Mwarabu wa zamani asema ya kuwa mfalme aliwalinda, akakataza nguruwe wasichinjwe katika mtaa wao, akaenda mwenyewe kusikiliza hotuba yao ya Ijumaa. Aliyejifunza kwa wamonaki alijua ya kuwa kulipenda taifa lako si kumchukia jirani. Alipokufa mwaka 1125, alizikwa chini ya lango la Gelati, ili kila aingiaye alikanyage kaburi lake. Watu wakamwita Mjenzi.

WAKATI WA MACHOZI

Siku njema hazikudumu. Mwanzoni mwa karne ya 17 Shah Abbas wa Uajemi aliiharibu Georgia ya mashariki na kuwahamisha watu kwa maelfu. Mapokeo yasimulia ya kuwa askari wake waliwavamia wamonaki wa Gareja usiku wa Pasaka, wakiwa katika maandamano na mishumaa mikononi, wakawaua 6,000. Mwaka 1624, huko Shiraz, Malkia Ketevan aliteswa kwa koleo za moto kwa kuwa alikataa kumwacha Kristu. Mapadri Waagostino kutoka Ureno waliuchukua mwili wake kwa siri, na sehemu ya mifupa wakaipeleka Goa katika India. Mwaka 2021 serikali ya India iliwarudishia Wageorgia sehemu ya masalia hayo.

Katika taabu hizo aliishi Sulkhan-Saba Orbeliani, mkabaila aliyeingia monasteri ya Gareja mwaka 1698, akajiunga pia na Eklezya Katolika. Aliona ya kuwa maneno ya wazee yanapotea, akayakusanya katika kamusi kubwa ya Kigeorgia. Kati ya mwaka 1713 na 1716 alisafiri mpaka Roma na Ufaransa kumwomba Papa Klementi XI na Mfalme Louis XIV wawasaidie watu wake. Alirudi mikono mitupu, akafa ugenini katika Urusi mwaka 1725. Jeshi hakulipata; lakini kamusi yake ingali inasomwa.

Mwaka 1801 Urusi iliitwaa nchi, na mwaka 1811 ikaiondolea Eklezya ya Georgia uhuru wake. Katika makanisa mengi sala za Kigeorgia zilinyamazishwa, na picha za watakatifu zikapakwa chokaa. Ndipo watu walioelimika, kama Ilia Chavchavadze, walipoanza mwaka 1879 chama cha kueneza kusoma na kuandika kwa Kigeorgia. Wengine walikwenda vijijini kwa wazee waimbaji, wakaziandika nyimbo za kale za kanisa. Mmoja wao, Ekvtime Kereselidze, akawa mmonaki huko Gelati. Jeshi la Wakomunisti lilipoingia mwaka 1921 na monasteri zikafungwa, alizihama pamoja na daftari zake, akizificha ardhini ndani ya vyombo vya chuma ili unyevu usiziharibu. Mwaka 1935 alizikabidhi kwenye nyumba ya hazina za taifa: maelfu ya nyimbo. Alifia Zedazeni mwaka 1944, juu ya mlima uleule wa Baba Ioane. Nyimbo zinazoimbwa leo makanisani Georgia zimetoka kwa sehemu kubwa katika daftari zile.

Mmonaki mwingine, Ambrosi Khelaia, mkuu wa Eklezya yao, mwaka 1922 aliandika barua kwa mkutano wa mataifa huko Genoa, akidai haki ya watu wake. Alishtakiwa mwaka 1924. Mbele ya mahakimu alijibu ya kuwa roho yake ni ya Mungu, moyo wake ni wa nchi yake, na mwili wake waufanyie wapendavyo. Alikufa mwaka 1927. Naye mmonaki Gabriel, siku ya 1 Mei 1965, aliichoma moto mjini Tbilisi picha kubwa ya Lenin, akisema ya kuwa utukufu ni wa Kristu, si wa mtu aliyekufa. Walimpiga sana, wakamfungia pamoja na wenye wazimu.

Hatimaye, katika miaka ya 1987 na 1988, vijana wa vyuo walisimama kulalamika kwa kuwa askari wa Kisovieti walifanya mazoezi ya mizinga katika Gareja na kuyaharibu mapango ya wamonaki. Lalamiko hilo likaungana na mengine. Usiku wa 9 Aprili 1989 askari waliwashambulia watu waliokusanyika Tbilisi, wakafa wapata 20. Miaka miwili baadaye, 9 Aprili 1991, Georgia ilitangaza uhuru.

JIHADHARINI NA SANAMU

Wapendwa, ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu lakini ingekuwa nusu. Mara baada ya uhuru, Wageorgia walipigana wao kwa wao katika barabara za Tbilisi, na vita vikawaka katika Abkhazia mwaka 1992 na 1993. Kati ya mwaka 1999 na 2003, watu walioongozwa na padri aliyefukuzwa walizipiga jamaa za madhehebu madogo, wakidai wanailinda imani ya taifa. Walishika msalaba mkononi, walakini hawakuwa na moyo wa Davit wa Gareja.

Taifa ni zawadi ya Mungu, wala si Mungu. Anayeliweka taifa mahali pa Mungu ametengeneza sanamu, na kila sanamu hudai damu. Wamonaki wa kweli walilihifadhi taifa lao kwa sababu hawakuliabudu. Walimtafuta Mungu kwanza, nayo mengine wakazidishiwa.

TUSHIKE NENO

Kwanza: msimhesabu kuwa amepotea yule anayejitoa kwa Mungu. Mkulima hulia anapoitupa mbegu ardhini wakati wa njaa, lakini asiyetupa mbegu havuni.

Pili: salini kwa lugha ya mama zenu bila haya. Siku ya Pentekoste Mungu hakuwalazimisha watu lugha moja. Kila mmoja aliwasikia Mitume kwa lugha ya kwao. Mwacha asili ni mtumwa. Nanyi mnaojifunza herufi ili msome katekisimu, jueni ya kuwa mnashika kazi ya watakatifu.

Tatu: pendeni kabila lenu kama Grigol alivyowapenda watu wake, aliyeonya uovu wa mkubwa wake mwenyewe. Lipendeni kama Mfalme Davit, aliyemlinda jirani asiye wa dini yake. Kama upendo wa watu wako wakufundisha kumchukia mtu wa ng'ambo ya mto, upendo huo haukutoka kwa Mungu.

Tuombe. Ee Bwana Yezu, uliyezaliwa katika taifa moja ukafa kwa ajili ya mataifa yote, utujalie kuwapenda wazazi, lugha na nchi yetu kwa ajili yako, wala tusimchukie mtu yeyote kwa ajili yao. Mtakatifu Nino, utuombee, sisi tunaoungojea ubatizo. Amina.